Kitabu Kilichokatwa Vipande Vitatu

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali zamani ya mwaka juzi tu, watu watatu wa nyumba moja kule Kilosa walikuwa wakigombania laki tatu na nusu kwa mwezi. Laki tatu na nusu, pamoja na chumba chenye kitasa, feni na maji ya bomba. Wa kulipwa ni mmoja. Wa kukabidhiwa chumba ni mmoja. Na wao, uwahesabu kutoka mlangoni au kutoka dirishani, walikuwa watatu.

"Bila mimi msingeipata kazi," alisema Mkude.

"Bila mimi msingeimaliza," alisema Kidawa.

"Bila mimi mngekuwa mmeshauana siku ya pili," alisema Tunu huku anacheka, maana huyo hakujua kugombana bila kucheka, na kicheko chake kilimchoma Kidawa kuliko tusi.

Sasa mjue nani ni nani. Kidawa alikuwa mjane wa marehemu Kobero. Mkude na Tunu walikuwa ndugu wa marehemu, kwa hiyo Mkude kwake ni shemeji, Tunu ni wifi. Wote watatu waliishi katika nyumba aliyoiacha mama mkwe, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja cha Mkude. Chumba cha pili cha Tunu na wanawe wanne. Kidawa, tangu mumewe afariki, alilala sebuleni juu ya magunia mawili ya sufi yaliyoshonwa pamoja, na kila aliyekwenda msalani alimruka. Miaka minane ya kurukwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, na hajapata hata siku moja kulala nyuma ya mlango ambao ufunguo wake anao yeye.

Kazi yao ilikuwa kutengeneza mito ya sufi. Unaichuma sufi mtini, unaianika, unaichambua mbegu, unaijaza kwenye mfuko wa kitambaa, unashona. Mito minne kwa siku, basi. Kidawa ndiye aliyeuza, na aliuza vibaya, kwa sababu alisema kweli. Mteja akiinua mto, humwambia, "Huo una mbegu, utakukwaruza shavu. Chukua ule." Shule aliiacha darasa la nne, kusoma vizuri alijifundisha mwenyewe kwenye magazeti yaliyofungiwa vitumbua, ndiyo maana alijua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache.

Siku moja walikiona kitabu kwa muuza mitumba ya vitabu, kimepangwa chini na vingine vingi. Jalada halikuwepo, jina halikuwepo, kurasa mia moja themanini na sita za namna ya kuyapata maisha unayoyataka. Elfu tatu. Wakachanga elfu moja kila mtu. Walipofika nyumbani ukazuka ugomvi wa nani aanze kusoma. Mkude akasema yeye ni mwanamume. Tunu akasema yeye ni mkubwa. Kidawa alichukua mkasi wa kukatia vitambaa akakipasua kitabu mgongoni, kurasa sitini na mbili, kurasa sitini na mbili, kurasa sitini na mbili. Haki ni haki, akasema. Wiki mbili, halafu tunabadilishana.

Mkude akapata kipande cha kwanza, Kidawa cha katikati, Tunu cha mwisho.

Wiki mbili zikaisha na hakuna aliyebadilisha. Kila mmoja alikwishakipenda kipande chake, na kila mmoja aliamini kwamba cha kwake ndicho kitabu, vile vingine ni maneno ya kujazia.

Kipande cha Mkude kilisema: ota ndoto kubwa, kisha ishi kana kwamba imeshatimia. Mkude akaamini. Kila asubuhi alisimama mbele ya kipande cha kioo akajiita Mkurugenzi. Akawaomba majirani nao wamwite hivyo. Muuza kahawa akakubali, lakini kwa bei ya kahawa mbili. Na kipande chake kiliishia katikati ya sentensi, pale mkasi ulipopita: "Ukishaitangaza ndoto yako, jambo la kwanza unalopaswa kufanya bila kuchelewa ni". Basi, karatasi ikaisha. Mkude alilitafakari sana jambo hilo la kwanza, akaamua kwamba ni kupumzika.

Kipande cha Kidawa kilianzia hapo hapo: "kuamka saa kumi na moja alfajiri." Kidawa akaamini. Akaamka, akapima, akaandika. Alibandika ratiba ukutani: kuchambua sufi, saa mbili; kushona, saa nne; chai, dakika nane; umbea, dakika sifuri. Ukurasa wa sabini na moja ulimwagiza aseme hapana mara tatu kwa siku, naye alikuwa mtu wa kutimiza. Jioni moja alikuwa amezisema mbili tu na giza linaingia. Akapita jirani akamwuliza habari za jioni. "Hapana," akajibu Kidawa, akaenda kuweka alama.

Kipande cha Tunu kilisema: shukuru, samehe, toa. Tunu akaamini. Kushukuru kulimtoka kirahisi, kutoa hali kadhalika, kwa kuwa mito ilikuwepo. Shida ilikuwa kwenye kusamehe. Kitabu kilitaka awaendee wote waliowahi kumkosea. Tunu akaorodhesha watu kumi na mmoja, akajitwisha mto mmoja kwa kila mmoja, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Nimekuja kukusamehe," anasema mlangoni.

"Kunisamehe nini?"

"Ah, yale. Nimesahau sasa. Pokea mto."

Msije mkadhani watu walifurahi. Walikasirika mno. Mtu ametulia kwake anapepeta mchele, anakuja mwenzake kumpa msamaha ambao hakuuomba, tena mbele ya watoto. Aliyekasirika kupita wote ni Mama Chuma, mwenye misufi minne nyuma ya nyumba, ambaye Tunu alimsamehe kwa habari ya kuku wa miaka kumi na miwili nyuma. Kwa Mama Chuma, kuku huyo wa Tunu ndiye aliyemkosea yeye, alikula mtama wake wa mbegu, na kama kuna wa kusamehe basi ni upande wake. Alibaki mlangoni na mto mkononi, mdomo wazi, amesamehewa.

Lakini nimetangulia. Kabla ya Tunu kuanza kuzunguka, Mkude alikwishaleta kazi.

Mjini kulikuwa na nyumba mpya ya wageni, vyumba thelathini, ya Bi. Apolonia, aliyekuwa matroni hospitalini mpaka akastaafu. Mama mnene, mtulivu, anayekutazama kama anakupima joto. Mkude alimkuta anakagua milango. Akamwendea, akanyoosha mkono, akajitambulisha: Mkurugenzi wa kiwanda cha mito, wafanyakazi kumi na wawili. Bi. Apolonia akamwambia anataka mito mia moja na ishirini, minne kila chumba, kwa sababu wageni wa siku hizi miwili wanalalia na miwili wanakumbatia. Kitambaa atatoa yeye. Siku tisa. Ikishindikana anaagiza ya sponji Morogoro.

Mkude akarudi nyumbani anapiga mluzi. Kidawa aliposikia alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Shemeji," akasema, "hao wafanyakazi kumi na wawili ni kina nani?"

"Mimi, wewe na dada Tunu."

"Hao ni watatu."

"Tisa wanakuja."

"Wanatoka wapi?"

Mkude akafikiri. "Kipande changu hakijafika huko."

Kidawa akamwita mwongo, akamwita ngoma tupu, akamwambia aende saa hiyo hiyo akamweleze mama wa watu ukweli. Mkude akamjibu kwamba yeye hajadanganya, amewahi tu. Ukweli uko njiani, unakuja nyuma yake. Tunu akashukuru kwa kazi mpya. Kidawa, hasira zimempanda mpaka masikioni, akachukua penseli akagawanya mia na ishirini kwa tisa, akakuta ni kumi na tatu na ushei kwa siku. Kisha akageukia ukuta akaandika ratiba nyingine, maana akishaiona hesabu mbele yake hawezi kuiacha imelala hivyo.

Jamani, siku zile sita. Nyumba nzima ikawa nyeupe. Sufi kwenye nyusi, sufi kwenye ugali, paka akipiga chafya anapotea ndani ya wingu lake mwenyewe. Alfajiri Kidawa anagonga sufuria. Mkude anaamka akidai wakurugenzi hawaamshwi, Kidawa anagonga karibu zaidi. Mkude anashona huku anawahadithia watoto wa Tunu jinsi kiwanda kitakavyokuwa na ghorofa, na watoto wanachambua mbegu bila kujua wanafanya kazi. Tunu anachekesha, anaimba, anawapikia, akipata mwanya anatoka na mto kichwani kwenda kusamehe. Waliokuwa wakitengeneza mito minne kwa siku wakawa wanatengeneza kumi na mmoja, kumi na miwili, siku nyingine kumi na mitatu. Kidawa alilala amechoka hoi na alikuwa na furaha ambayo hakumwambia mtu.

Jioni ya siku ya sita akahesabu. Daftari lilisema sabini na mmoja. Mito ilikuwa sitini. Akahesabu tena. Sitini.

"Wifi," akasema taratibu, na wote waliomjua walijua kwamba utaratibu huo ni mbaya. "Mito kumi na mmoja iko wapi?"

Tunu akamweleza. Alimweleza kwa furaha, jina kwa jina, na kosa kwa kosa kwa yale anayoyakumbuka.

Aliyoyasema Kidawa hayaandikiki. Alisema amekaa na wendawazimu, mmoja anauza visivyokuwepo, mwingine anagawa vilivyopo, na yeye katikati anapiga sufuria. Na ubaya haukuishia hapo, kwa sababu sufi ilikwisha. Gunia la mwisho lilikuwa tupu. Sokoni hakukuwa na hata ya kujazia soksi. Wachuuzi wa malori walikwishainunua yote. Magunia aliyokuwa akilalia Kidawa alikwishayamwaga tangu siku ya tano, analala juu ya mkeka mtupu. Mito sitini, siku tatu, sufi hakuna. Mkude alikwenda mbele ya kioo, akajitazama, akarudi bila kujiita Mkurugenzi.

Asubuhi ya siku ya saba hodi ikapigwa.

Alikuwa Mama Chuma, na nyuma yake wanawe wawili na magunia sita ya sufi kwenye mkokoteni. Uso umekunjamana. Hakuamkia.

"Wewe Tunu," akasema. "Mimi sisamehewi bure na mtu. Usiku silali. Nikilala kwenye ule mto wako naona kama ananicheka yule kuku. Chukua sufi hii yote, tuwe sawa, na usinishukuru."

Hajamaliza, akaja mwingine aliyesamehewa, naye hakubali kubaki na deni la msamaha. Hana sufi ila ana mikono. Atashona siku tatu, iishe. Akaja wa tatu. Akaja wa nne, mzee mwenye sindano yake mfukoni. Kumi na mmoja walisamehewa, na wawili walikuwa wamesafiri. Waliokuja ni tisa pamoja na Mama Chuma, ambaye aliwarudisha wanawe nyumbani akabaki kushona. Wote wamenuna, wote wamekaza shingo, wote wanataka wafanye kazi mpaka msamaha ule uwatoke.

Mkude akawahesabu mlangoni kwa kidole. Tisa na watatu, kumi na wawili. Akamtazama Kidawa. Kidawa akamwambia asithubutu kufungua mdomo.

Lakini watu tisa walionuna si kiwanda, ni vurugu. Walikaa mahali pamoja, wakashona foronya badala ya mito, wawili wakagombania kigoda, na ilipofika saa nne asubuhi hakuna hata mto mmoja uliokwisha. Hapo Kidawa akaingia. Akawapanga: wanne wachambue, watatu wajaze, watano washone. Akasema hapana kwa soga, hapana kwa sigara, hapana kwa mzee aliyetaka kuonyesha mshono wa zamani wa jeshini. Mchana wamepatana, jioni wanacheka. Ishirini siku ya kwanza, ishirini siku ya pili, ishirini siku ya tatu. Mito mia moja na ishirini, wala hakuna wenye mbegu.

Mkude ndiye aliyeipeleka, safari nne za mkokoteni. Bi. Apolonia akabonyeza mito, akanusa, akaridhika, akaomba siku moja akione kiwanda. Mkude angeweza kusema kimefungwa kwa matengenezo. Hakusema. Alikaa chini barazani akamweleza yote, kioo, mkasi, kuku, waliosamehewa, na Bi. Apolonia akacheka mpaka akafungua kifungo cha shingoni.

Kesho yake akawaita wote watatu. Akaweka funguo mezani. Anahitaji msimamizi wa nyumba ya wageni, akasema, laki tatu na nusu kwa mwezi na chumba cha kulala mlemle. Mtu mmoja. Kamati hataki, hospitalini amekaa na kamati miaka thelathini na moja. Wagawane mshahara pia hataki kusikia, na zamu hataki. Funguo waondoke nazo, wakubaliane wenyewe mpaka Jumamosi saa sita mchana, wamwambie jina. Wasipokubaliana, anaajiri mgeni.

Usiku hawakula vizuri. Ijumaa, bila kupanga, wakabadilishana vipande. Kila mmoja akajitenga na karatasi za mwenzake. Mkude alipoona kwamba jambo la kwanza ni kuamka saa kumi na moja, aliusoma mstari huo mara tatu. Kidawa alisoma za Mkude kwanza, na katika umri wake wote ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa na karatasi: wewe unataka nini? Alijua jibu. Mlango. Kisha akafungua za Tunu. Kipande chake yeye kilikuwa kimeishia hivi: "Lakini yote haya ni bure kama mtu". Alikuwa ameona hayo ni maneno ya kumalizia tu. Mstari wa kwanza wa Tunu ulisema: "hana wa kula naye." Kidawa akakifunga. Akafikiria chumba chenye feni, yeye peke yake na sahani moja. Halafu akafikiria miaka minane ya kurukwa. Mlango bado aliutaka.

Jumamosi ndiyo siku tuliyoanzia. Wako sebuleni, funguo katikati ya mkeka.

Mkude alisema hivi: "Nani alimjua Bi. Apolonia? Mimi. Nani alitaja mia na ishirini wakati nyie mnawaza minne? Mimi. Mliniita mwongo, na nilipobanwa nani alisema ukweli? Mimi. Miaka thelathini na sita sina kazi ya kumwambia baba wa mtu anipe binti yake. Shemeji, wewe kazi unayo, ratiba unayo. Mimi nina jina tu la kujiita."

Tunu alisema hivi, na safari hii hakucheka: "Mkude alileta ahadi. Kidawa alileta sufuria. Sufi na watu vilitoka wapi? Kwa mikono yangu hii mliyosema imetoboka, haishiki mali. Wageni watakaolala kule wanataka ratiba, au wanataka mtu wa kuwapokea? Na mimi nina watoto wanne chumba kimoja. Nikihama nao, mdogo wangu, nyumba hii inapumua."

Kidawa alisema hivi: "Mimi sijui kupamba. Mkude alidanganya, bahati ikamwokoa. Tunu aligawa mali ya watu watatu bila kuuliza, bahati ikamwokoa. Mimi sikuokolewa na bahati, niliamka. Ahadi ya mtu mwingine niliibeba mimi. Hasara ya mtu mwingine niliihesabu mimi. Watu tisa walionuna niliwageuza kazi mimi. Na godoro langu liko ndani ya mito ile, wageni wanalilalia. Sijaomba kitu katika nyumba hii. Leo naomba."

Mkude akasema kweli, lakini bila ahadi yake angeamka kufanya nini? Kidawa akasema na bila kuamka kwake ahadi ingekuwa aibu. Tunu akasema na bila aibu ya wale tisa wote wawili wangekuwa wamekaa na foronya tupu. Wakaanza tena mwanzo. Bila mimi, bila mimi, bila mimi. Nje kengele ya shule ikagonga saa tano na nusu.

Sasa ninyi. Yupo aliyethubutu, na alithubutu kwa uongo. Yupo aliyefanya kazi, na kazi yenyewe hakuianzisha. Yupo aliyetoa, na alitoa visivyokuwa vyake peke yake. Mhitaji ni kila mmoja wao. Asiniambie mtu wagawane, mwenye nyumba amekwishakataa. Asiniambie mtu wote ni sawa, kwa sababu kitasa ni kimoja.

Je, kati ya Mkude, Kidawa na Tunu, nani aziokote funguo zile?

Mmekula hadithi yangu mpaka mwisho. Mnanidai nini? Hamnidai. Mimi nawadai jina. Lileteni.